Bei ya Mwisho ya Pikapu Nyeupe

Mlinzi wa yadi alimpa Sajini ufunguo na dakika kumi, akamwonya asiguse redio kwa kuwa ilikuwa imeshaandikwa daftarini. Kila kitu ndani ya uzio ule kilikuwa kimeandikwa: matairi, vioo, hata kandambili moja ya mguu wa kushoto iliyosahauliwa kwenye basi dogo lililokamatwa mwaka juzi. Pikapu nyeupe ilikuwa mstari wa pili, imeoshwa ikaoshika, na kwenye kioo cha mbele ilibandikwa karatasi ya kampuni ya mikopo ya magari ikisema chombo hiki kimerudishwa kwa mwenye haki.

Sajini alisoma "mwenye haki" mara mbili, akaguna, akafungua mlango wa dereva.

Mwanamke aliyelinunua gari lile alikaa nalo siku kumi na moja. Mtaani wanamwita Mama Mashuka, kwa kuwa ndiye anayefua mashuka ya hospitali na ya nyumba mbili za wageni, na hakuna anayekumbuka kama aliwahi kuwa na jina jingine. Pikapu yake ya kwanza ilikata roho katikati ya barabara, mzigo mbichi ukiwa mgongoni. Hospitali ikampa mwezi mmoja awe amepata nyingine, la sivyo kazi ipewe dobi mwenye gari. Akaenda kwenye chama cha akiba na mikopo, akaweka hati ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, akakopeshwa, akapatana bei, akalipa. Siku ya kumi na mbili walikuja wanaume wawili na gari la kuvuta. Muuzaji alikuwa bado anadaiwa pikapu ile na kampuni, kadi aliyomkabidhi mama wa watu ilikuwa ya kughushi, na simu yake haikupatikana tena.

Sajini alistaafu polisi miaka minne iliyopita, cheo kikakataa kustaafu naye. Siku hizi chama kilimlipa kuchunguza mikopo iliyoingia mchanga, na safari hii alipewa swali moja tu. Mkopo ulikuwa na bima. Bima ingelipa kama mkopaji ametapeliwa na watu wa nje. Isingelipa hata senti ikionekana kwamba katika utapeli ule ulikuwamo mkono wa mkopaji mwenyewe, au wa mtu yeyote anayelala chini ya paa lake. Kamati ingekaa Jumatatu, na leo ilikuwa Alhamisi. Baada ya hapo, ama Mama Mashuka angebaki na nyumba yake, ama hati isingetoka kabatini mwa chama mpaka ipigwe mnada.

Alipekua gari kama alivyofundishwa ujanani, kutoka juu kwenda chini, kutoka kwa dereva kwenda kwa abiria. Hakufika mbali. Nyuma ya kile kibao cha kuzuia jua juu ya usukani, kikadi kigumu cha upana wa vidole viwili kilimdondokea mapajani. Kilikuwa na tundu pembeni. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene, herufi kubwa zilizonyooka: WIFI 13650. Sifuri ilipigwa mstari katikati.

Mlinzi, ambaye hakuwa ameambiwa achungulie, alichungulia. Akasema hiyo ni pasiwedi ya waifai, mzee, gesti zote siku hizi ukilipa chumba wanakupa kikadi cha namna hiyo. Sajini alikubaliana naye, akakitia kwenye bahasha, akaandika saa na tarehe. Mtu aliyelala gesti amejiandikisha gesti, na aliyejiandikisha ameacha nyuma namba ya kitambulisho na pengine majina ya wageni wake. Alitoka yadini akiwa na furaha ya mtu aliyeokota ncha ya uzi.

Dalali aliyesimamia mapatano yale alikuwa na benchi lake chini ya turubai, mkabala na wauza matairi. Jina lake la kazi ni Nusu Bei. Alipomwona Sajini alianza kuapa kabla hajaulizwa, na Sajini akamwacha aape mpaka pumzi imwishie, kwa sababu mtu aliyechoka kuapa husema ukweli ili apumzike.

Alichosema Nusu Bei ni hiki. Muuzaji alijileta mwenyewe. Alipita pale benchini akasema amesikia kuna mama wa kufua anatafuta pikapu. Kijana nadhifu, mpole, amefikia gesti karibu na stendi. Nusu Bei alimpeleka kwa Mama Mashuka siku ya Jumatano, saa sita mchana, na bei ikapatanwa palepale uani, gari likiwa limeegeshwa mbele ya kamba za nguo. Fundi aliisikiliza injini, akasema ni nzima, na ukweli ilikuwa nzima. Ubovu wote ulikuwa kwenye kadi. Muuzaji alianza na milioni kumi na sita. Akashuka kumi na tano na nusu. Akashuka kumi na tano. Hapo akasimama, akasema ngoja nikachukue kadi muione kwa macho, akaenda garini, akakaa kidogo, akarudi.

"Alikwenda kuchukua kadi, akarudi na bei," Nusu Bei alisema. "Milioni kumi na tatu, laki sita na nusu. Na hapo ndiyo mwisho, hashuki, hapandi, hataki hata soda. Sajini, mimi nina miaka ishirini benchini hapa. Mtu anayepatana hushuka kidogo kidogo kama anayeingia maji ya baridi. Na akifika mwisho husimama kwenye namba nzima. Nani anasimama kwenye laki sita na nusu?"

Sajini alimuuliza kama mama alimtajia yeye kiasi alichokopeshwa. Dalali alionekana kuumia kweli. Alieleza kwamba humkataza kila mnunuzi asimtajie yeyote bei yake ya mwisho, hata dalali wake, hasa dalali wake. Kama angeijua, angekula cha juu. Siku ile aliondoka na ujira wa kawaida tu, na mke wake ni shahidi, kwani walinuniana wiki nzima.

Hii Sajini aliiona kuwa hoja nzito kuliko viapo vyote. Uchoyo wa Nusu Bei ulikuwa unajulikana mitaa mitatu. Kama hakula cha juu, basi hakujua kilipo.

Alilikata jina lake kwa penseli. Sajini huandika majina ya anaowashuku kwa penseli, na huwa na kalamu moja ya wino ambayo haitoki mfukoni mpaka jambo limethibitika. Chini ya jina lililokatwa lilibaki moja: afisa mikopo.

Afisa mikopo alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa, na asubuhi hiyo alikuwa ameketi kwenye meza isiyo na funguo. Meneja alishamnyang'anya. Barua ya mkopo, alisema, iliandika milioni kumi na nne, na hiyo ndiyo hesabu ambayo nusu ya ofisi ingeweza kuiona. Lakini ukitoa ada na bima, mkopaji hushika pungufu, na hicho alichoshika Mama Mashuka alikipiga yeye mwenyewe kwa mashine, Jumatano saa tatu asubuhi, mlango umefungwa, akamwonyesha mama kwenye kioo cha mashine kisha akafuta. Milioni kumi na tatu, laki sita na nusu. Saa tatu baadaye muuzaji akaitamka hesabu ileile uani, mpaka laki ya mwisho.

Sajini alimwambia wazi kwamba hilo halimpendezeshi. Kijana alijibu, akiangalia droo zake zilizofungwa, kwamba analijua hilo, ndiyo maana ameketi bila kazi. Alitaka kujua kama mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa kosa la kujua hesabu.

Kwa Mama Mashuka walikuwa wakikunja. Shuka la hospitali ni refu na halikunjwi na mtu mmoja mwenye akili zake timamu. Wanasimama wawili, kila mmoja ameshika ncha mbili, wanavuta, wanakunja, wanasogeleana mpaka vidole vinagusana, mmoja anampokonya mwenzake ncha, wanarudi nyuma tena. Mama Mashuka alikuwa upande mmoja. Upande wa pili alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, ambaye watoto wa nyumba ile walimwita Shangazi, na kwa hiyo kila mteja alimwita Shangazi. Alikuwa dada wa marehemu. Kaka yake alipofariki watu walitabiri kwamba ataondoka na vyombo. Hakuondoka. Alishika ndoo, na huu ulikuwa mwaka wa saba.

Hawakuangaliana walipokunja. Hawakuwa na haja.

Sajini aliomba maji, akapewa, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Pembeni mafurushi yaliyokamilika yalipangwa ukutani, kila moja na kikaratasi chake kimefungwa kwa uzi. Kwa kuwa gari halikuwapo, mkokoteni wa kukodi ulisimama getini ukisubiri, na mwenye mkokoteni alikuwa akilalamika kwamba analipwa kwa safari lakini anachoka kwa kilo. Hospitali ilikuwa imeongeza wiki mbili, si kwa huruma, ila dobi mwingine bado hakupatikana.

"Nakuuliza tena, mama," Sajini alisema. "Ulipotoka chamani, kabla muuzaji hajafika, ile hesabu ulimwambia mtu?"

"Sikumwambia mtu."

"Mwanao? Jirani? Mchungaji, shehe, mtu wa simu?"

"Nimekwambia sikumwambia mtu, Sajini. Nusu Bei alinikataza, nami si mtoto."

Akamwambia basi aangalie karibu, kwani miaka thelathini ya kazi imemfundisha kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mama Mashuka alicheka, kicheko cha kwanza tangu gari lilipovutwa. Akasema nguo zake yeye anazichemsha, kama kuna kikulacho kimeshaiva zamani. Shangazi naye alitabasamu, akachukua kalamu nene akaenda kuandika furushi.

Mama Mashuka alimsindikiza kwa macho. Akasema biashara hii ingekuwa imekufa bila huyu. Mwaka wa kwanza hospitali ilikuwa inachanganya sifuri na herufi O kwenye hesabu zao, wakapoteza mashuka thelathini wakataka kumkata yeye, na Shangazi ndiye aliyelipatia dawa. Kisha akamuuliza Sajini kwa nini anaandika kwa penseli, kama mtoto wa darasa la kwanza. Sajini akamweleza habari ya wino.

"Kwa hiyo aliyenifanyia hivi bado ni penseli," alisema Mama Mashuka.

Sajini alikiri kwamba bado ni penseli, ila tangu chamani ilikuwa imeanza kukolea.

Ijumaa asubuhi alikwenda stendi. Gesti zenye intaneti zilikuwa tatu. Ya kwanza pasiwedi yao ilikuwa jina la mwenye nyumba na umri wake. Ya pili walikuwa hawajalipia intaneti tangu mwezi uliopita, na walimwomba Sajini asiwaambie wageni. Alikuwa ameshapiga picha akilini: muuzaji amelala chumba fulani, afisa mikopo mwenye viatu vinavyong'aa anakuja jioni kumtembelea, na daftari la wageni linawashika wote wawili kwa mwandiko wao wenyewe.

Gesti ya tatu ilikuwa na mapokezi yenye maua ya plastiki na mwanamke mchangamfu aliyekuwa akikata kucha. Alikitazama kikadi, akakirudisha. Wao pasiwedi yao ni maneno, tena marefu, na wanaibandika ukutani, haya iangalie. Sajini aliomba daftari la wageni. Muuzaji hakuwamo. Aliomba la mwezi mzima. Hakuwamo. Uzi aliouokota yadini ulikuwa umekatika mikononi mwake, na yeye alikuwa amesimama mbele ya maua ya plastiki bila swali jingine la kuuliza.

Simu ya mwanamke ikaita. Akaipokea kwa bega, huku akiendelea na kucha.

"Abee, wifi. Nakusikia, wifi yangu. Mwambie nitakuja Jumapili, na ile sufuria yako nitairudisha."

Sajini alikuwa ameshafika mlangoni. Alirudi. Alisubiri mpaka sufuria ikazungumzwa ikaisha, kisha akauliza, kwa adabu, huyo aliyepiga ni nani.

"Wifi yangu. Dada wa mume wangu." Mwanamke alimwangalia kama anayetafuta kosa lake liko wapi. "Kwani vipi, baba?"

Sajini hakuwahi kumwita mtu yeyote duniani kwa neno lile. Mwanamume ana shemeji. Ataishi, atazeeka, na wifi hana. Wifi ni wa wanawake kwa wanawake, mke wa kaka na dada wa mume. Alikitoa kikadi kwenye bahasha, akakiweka juu ya kaunta, akakisoma polepole kama ilivyompasa kukisoma yadini. Kiliandikwa kwa Kiswahili, naye, kwa kumsikiliza mlinzi wa yadi, alikuwa amekisoma kwa Kiingereza.

Ukilijua neno, namba inajifungua yenyewe. Kumi na tatu, mia sita hamsini. Ongeza sifuri tatu ambazo mwenye haraka haziandiki. Milioni kumi na tatu, laki sita na nusu. Mtu hakuandika pasiwedi. Aliandika bei ya mwisho ya wifi yake.

Aliyeandika ni mwanamke. Na ni mwanamke ambaye Mama Mashuka ni mke wa kaka yake. Watoto wa nyumba ile walimwita shangazi. Sajini naye akamwita shangazi, akajikuta amesahau kuuliza kwa mama yao anaitwaje.

Alipolikata jina la afisa mikopo, alibonyeza mpaka ncha ya penseli ikavunjika. Alikuwa na hasira na nafsi yake. Nyuma ya hasira ile kulikuwa na jambo zito zaidi, maana alikumbuka maneno ya bima: mtu anayelala chini ya paa lake.

Njiani alipiga simu chamani, akamwambia meneja amrudishie kijana funguo zake.

Uani mashuka yalikuwa yamekauka, na kamba nzima ilikuwa ikisubiri kukunjwa. Sajini alimwomba mwenye mkokoteni akasubiri nje ya geti. Alifungua uzi wa furushi moja, akaleta kikaratasi chake mezani: kadi ngumu, upana wa vidole viwili, tundu pembeni. WODI 7, MASHUKA 40. Sifuri ilipigwa mstari katikati. Hiyo ndiyo dawa iliyopatikana mwaka wa kwanza. Pembeni yake akalaza kikadi cha garini.

"Mama, nisomee hiki."

Mama Mashuka alifuta mikono. "Waifai. Moja, tatu, sita, tano, sifuri."

"Nisomee tena. Kwa Kiswahili."

"Wifi," alisema Mama Mashuka, na hakuendelea.

Shangazi alikuwa kwenye kamba, ameshika kibanio cha nguo. Hakukimbia wala hakukana. Aliingiza kibanio kile mfukoni mwa aproni, akatoa kingine, akakiingiza nacho.

"Uliniuliza kama nilimwambia mtu," Mama Mashuka alimwambia Sajini. Sauti yake ilikuwa ya chini na macho yake yalikuwa kwenye kikadi. "Siku ile nilitoka chamani nina furaha, tukashika shuka, tulipokutana katikati nikamnong'oneza. Nilikwambia sikumwambia mtu. Sikudanganya. Wifi yangu naye ni mtu? Huyu si ni mimi mwenyewe?"

Ndipo Shangazi alipoeleza, na alieleza kwa mpangilio, kama anayehesabu mashuka. Muuzaji alikuwa mchumba wake wa miezi mitano. Ni yeye Shangazi aliyemwambia kwamba nyumbani wanatafuta pikapu. Mchumba alimwambia gari lake thamani yake ni kumi na mbili, na kwamba akiijua bei ya mwisho ya wifi, cha juu watagawana, naye Shangazi atanunua mashine yake ya kufulia, afungue mlango wake. Jumatano simu yake ilikuwa ndani kwenye chaji. Walipoambiwa wapakie mafurushi mawili nyuma ya pikapu kuona kama yanaenea, aliandika kwenye kadi ya furushi akaiacha juu ya kiti cha dereva, akamwona akiisoma na kuichomeka juu ya usukani.

"Niliuza bei," alisema. "Wallahi, wifi, niliuza bei tu. Sikujua anauza gari la watu. Hata mimi nampigia hapokei. Nimempigia mpaka nikaona aibu na simu yangu."

"Miaka saba," alisema Mama Mashuka.

"Miaka saba, ndiyo. Ubao wa nje una jina lako. Hati ina jina lako. Kwenye karatasi za mkopo niliitwa niweke sahihi ya shahidi. Mimi wa kufua, wewe wa kuitwa."

"Ungesema."

"Ungeona."

Sajini aliuliza la kazi: muuzaji yuko wapi. Shangazi alitaja banda moja nyuma ya kiwanda cha unga kilichofungwa, ambako hupaka magari rangi. Alishapelekwa mara moja, akakatazwa asilitaje kwa mtu. Sajini alitoka getini akapiga simu kituoni kwa mwenzake wa zamani, akampa banda, akampa sura, akarudi.

Kisha akamweleza Mama Mashuka habari ya paa, kwa maneno mepesi aliyoweza kuyapata. Polisi wakimkamata yule na fedha kabla ya Jumatatu, kamati itakuwa na kitu cha kushika. Wasipomkamata, na ripoti ikisema mkono wa ndani ulikuwamo, bima hailipi na hati haitoki.

Mama Mashuka aliuliza kitu ambacho Sajini aliombea asikiulize.

"Na ukiandika ni pasiwedi? Wewe mwenyewe ulidhani ni pasiwedi. Hata mimi nimeisoma hivyo."

"Basi bima italipa," alisema Sajini. "Nyumba itabaki, na yeye atabaki ndani yake. Lakini kalamu ya kuandika hivyo utaitafuta kwa mtu mwingine, mama. Mimi nitaandika nilichokiona, au nitarudisha faili leo wampe mwingine. Huyo anaweza asijue kusoma."

Ilikuwa ofa mbaya na alijua. Katika miaka thelathini hakuwahi kumwachia mtu mlango wazi namna ile, na alimwachia huyu kwa kuwa alimwonea uchungu.

Mama Mashuka alikwenda kwenye kamba, akavuta shuka, akashika ncha mbili. Kwa mazoea tu, Shangazi akashika mbili za upande wa pili. Wakarudi nyuma, wakavuta. Wakakunja mara moja, wakakunja ya pili, wakasogeleana kama siku zote mpaka vidole vikagusana. Walisimama hapo, pale pale ambapo wiki tatu zilizopita mmoja alimnong'oneza mwenzake furaha yake. Shangazi alikuwa akilia bila sauti. Mama Mashuka alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu kikadi kiwekwe mezani, akamtoa zile ncha mkononi, moja baada ya nyingine.

"Andika, Sajini," alisema, bila kugeuza kichwa. "Kwa wino."

Sajini alitoa kalamu mfukoni. Aliandika kwa mwendo wa kawaida, saa, tarehe, mahali, jina, uhusiano. Kwenye uhusiano aliandika wifi, herufi nne, na hakuna atakayeisoma vingine. Shangazi aliingia ndani. Walisikia kabati likifunguliwa, kisha mfuko ukiburutwa. Alipita katikati ya kamba na mfuko wake, akaiacha aproni juu ya ndoo, na vibanio vikiwa bado mfukoni. Hakuna aliyemwita.

Kwenye kamba yalibaki mashuka thelathini na tisa, na hospitali ilikuwa ikiyasubiri kabla ya saa kumi na moja. Mama Mashuka alivuta la kwanza, akashika ncha zake mbili, zile nyingine zikabaki zinaning'inia. Alizitazama. Kisha akamtazama Sajini.

"Shika huko."

Sajini alifunga daftari, akashika. Hakujua kwamba shuka la hospitali huvuta namna ile.

"Kaza," alisema Mama Mashuka. "Ukilegeza linakwenda upande."